Asubuhi fomani alipopigwa

Kabla sijajua kwamba Foreman ni jina la mtu, nilidhani ni cheo. Aliyenipotosha ni baba mdogo. Mwaka 1974 alikuwa kijana wa miaka 19, saidia fundi kwenye saiti moja Kurasini, Dar es Salaam, na kila nilipomwomba anisimulie habari za bondia Muhammad Ali alianza hivi hivi: "Siku hiyo Ali akampiga fomani." Mtoto aliyekulia kwenye ukoo wa mafundi anamjua fomani. Ni yule anayesimama kivulini na daftari, anayekukata nusu siku kwa kuchelewa dakika kumi. Basi kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa: huko Zaire (Kongo ya leo) kulikuwa na saiti kubwa, watu wamechoka kuonewa, akatokea Ali, akavua shati.

Baba mdogo mwenyewe hakuwa mbali sana na picha hiyo. Ilikuwa Jumatano, tarehe 30 Oktoba. Kinshasa, Ali na bondia George Foreman walianza kupigana saa 10 alfajiri ili Wamarekani walione pambano usiku wao wa Jumanne, na saa 10 ya Kinshasa ni saa 12 asubuhi kwetu. Kwa hiyo wakati Ali anaegemea kamba, baba mdogo yuko njiani anakwenda kuchanganya zege. Habari ziliwafikia kabla ya chai, kupitia mlinzi mwenye redio ya mkulima. Anasema kazi ilisimama, watu wakagonga makarai kama wanafukuza nyani shambani. Fomani wao akatoka kivulini kuuliza kuna nini, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mimi nimelirithi pambano hilo kutoka kona ya Ali, kama walivyolirithi Waafrika wengi. Nimeitazama video yake nisijue mara ngapi, na kila mara macho yangu yalikuwa kwa Ali. Foreman alikuwa kitu cha kuangushwa tu, kama mti kwenye hadithi ya mkata kuni. Alipofariki tarehe 21 Machi 2025, akiwa na miaka 76, niliitafuta tena ile video na safari hii nikajilazimisha kumwangalia yeye peke yake, raundi zote nane, kama unavyomwangalia kipa wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja. Nilipomaliza nikaanza kumsoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

George Foreman alizaliwa tarehe 10 Januari 1949 huko Marshall, Texas, akakulia Houston, mtaa wa Fifth Ward, mmoja wa watoto saba wa mama mmoja mchapakazi. Shule ilimshinda mapema. Alipofika miaka 15 na 16 alikuwa mkubwa kuliko wanaume wengi wa mtaani na kazi aliyoipata ilikuwa kupora wapita njia. Kuna usiku mmoja aliousimulia mara nyingi maishani mwake. Alikuwa amekimbia polisi, akatambaa chini ya nyumba, kwenye uwazi ulio kati ya sakafu ya mbao na ardhi. Akakumbuka kwamba polisi hufuata wahalifu kwa mbwa, na mbwa hufuata harufu. Basi akajipaka tope la maji machafu mwili mzima, uso na mikono. Akiwa amelala pale, ananuka, ndipo akajiuliza amekuwa mtu gani.

Mshike huyo mbwa, tutamhitaji mbele.

Kilichomtoa chini ya nyumba ile, kwa maana ya maisha, ni Job Corps, mpango wa serikali ya Rais Lyndon Johnson wa kuwafundisha kazi vijana maskini. Alipelekwa Oregon, kisha California, na huko California kocha aliyeitwa Doc Broadus aliyaona mabega yake akamwambia kama anapenda ugomvi, basi apigane ulingoni. Pambano la kwanza la ridhaa alicheza Januari 1967. Oktoba 1968, hata miaka miwili hajatimiza, alikuwa bingwa wa Olimpiki mjini Mexico, baada ya kumsimamisha Jonas Čepulis wa Urusi ya Kisovieti katika raundi ya pili. Akatoa kibendera kidogo cha Marekani, akainamia pande zote nne za ukumbi.

Kibendera kile kilimgharimu. Siku kumi tu kabla yake, kwenye michezo ile ile, wanariadha Tommie Smith na John Carlos walikuwa wamesimama jukwaani wameinua ngumi zilizovikwa glovu nyeusi, wakafukuzwa kambini. Weusi wengi wa Marekani walimwona Foreman kama kijana aliyenunuliwa. Mimi namwelewa. Serikali ile ndiyo iliyompa kitanda na milo mitatu kwa siku, vitu ambavyo kwao havikuwepo. Lakini aliporudi Houston na medali yake alikuta watu wanamtazama upande, na nadhani hapo ndipo alipoanza kununa.

Kununa kwenyewe alikuwa na mwalimu. Alipoingia ngumi za kulipwa mwaka 1969 alifanya mazoezi pamoja na Sonny Liston, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, mtu asiyetabasamu, aliyewatisha wapinzani kwa macho kabla ya kengele. Foreman akamwiga jinsi mdogo anavyomwiga kaka: kutazama, kutojibu, kutosalimia waandishi. Ukitazama picha zake za miaka ile unaona kijana wa miaka 22 au 23 aliyevaa uso wa mtu mwingine.

Ngumi zenyewe lakini zilikuwa zake. Tarehe 22 Januari 1973, Kingston, Jamaika, alikutana na Joe Frazier, bingwa ambaye hajapoteza hata pambano moja na ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amempiga Ali. Frazier alianguka mara sita ndani ya raundi mbili. Moja ya ngumi ilimnyanyua miguu kutoka sakafuni, na hapo tunazungumzia mtu wa karibu kilo mia. Promota Don King amesimulia bila aibu kwamba siku ile aliingia uwanjani na msafara wa Frazier akatoka na wa Foreman. Mwaka uliofuata, Caracas, zamu ikawa ya Ken Norton, aliyewahi kumvunja Ali taya. Naye raundi mbili. Kwa hiyo mpaka anakwenda Kinshasa, Ali alikuwa amepigwa na watu wawili tu maishani, na wote wawili Foreman alikuwa amewalaza kabla kiti cha mtazamaji hakijapata joto. Mapambano 40, ushindi 40, KO (kumlaza mpinzani asiweze kuendelea) 37. Ali ana miaka 32, Foreman 25. Watu waliokuwa na akili timamu walimwombea Ali atoke hai.

Mobutu, rais wa Zaire, ndiye aliyelipa: dola milioni tano kwa kila bondia, kwa pesa za mwaka 1974, ili dunia itamke jina la Zaire. Na hapa ndipo anaporudi mbwa. Foreman alishuka Kinshasa na mbwa wake, German shepherd, yale majibwa makubwa ya polisi. Alimpenda mbwa wake, basi. Lakini Wakongo walikuwa na miaka 14 tu tangu Mbelgiji aondoke, na mbwa wa aina ile walikuwa wanawakumbuka mkononi mwa polisi wa kikoloni. Ali hakuhitaji kampeni tena. Mtu mweusi, mjukuu wa watumwa, kijana aliyejipaka tope akiogopa mbwa wa polisi, anaonekana na Waafrika kama Mbelgiji. Picha hizo mbili zimekataa kutengana kichwani mwangu.

Kisha akachanika juu ya jicho mazoezini. Pambano lililopangwa Septemba likasogezwa zaidi ya mwezi mmoja. Tamasha la muziki lilikuwa limeshapangwa nalo likaendelea bila ngumi: James Brown, Miriam Makeba, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley. Kinshasa ikacheza. Ali alikuwa akikimbia asubuhi na watoto wa mitaani nyuma yake, akiongoza ule wimbo, "Ali, boma ye". (Ni Kilingala, maana yake "Ali, muue". Sisi utotoni tulisikia "bomoa yeye", na kwa watoto wa saiti ilitosha.) Foreman akakaa hotelini na plasta yake juu ya jicho. Wiki sita katika nchi ya watu wanaoimba uuawe. Ali alikuwa na dhambi zake, na ulimi wake kwa wenzake weusi ulikuwa mkali kuliko tunavyopenda kukumbuka. Wale watu hakuwapata bure lakini. Aliwasalimia.

Sasa pambano. Niliwahi kwenda gym ya ngumi nikiwa na miaka 17, pale Manzese, kwa majuma matatu. Gym ni neno kubwa. Kulikuwa na mwembe, kiroba kilichojazwa maranda na matambara, na jozi mbili za glovu zinazonuka jasho la mtaa mzima. Nilichojifunza ni kimoja: ngumi inayokosa inachosha kuliko inayopata. Inayopata husimama kwa mtu. Inayokosa inabidi uisimamishe mwenyewe, kwa bega lako, na kurudi nayo. Dakika tatu za kiroba zilitosha mikono yangu kuwa kama si yangu. Nilikuwa nashindwa kushika kikombe cha chai.

Kwa hiyo mtazame Foreman kuanzia raundi ya pili. Ali anaingia kwenye kamba, anaegemea nyuma, mikono imefunika uso, na Foreman anarusha. Anarusha ngumi za mzunguko, nzito, zinazotoka mbali kama mtu anayekata mkonge. Nyingi zinatua kwenye mikono ya Ali na mbavuni. Raundi ya tatu, ya nne. Joto la Kinshasa. Kona yake inapiga kelele aendelee, na yeye anaendelea kwa sababu hajawahi kukutana na mtu ambaye kuendelea hakukumtosha. Foreman mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipiga ngumi moja ya maana mbavuni, Ali akamwinamia sikioni akamuuliza kama hizo ndizo zote alizonazo, na yeye akajiambia moyoni kwamba naam, ndizo zote. Kwenye raundi ya saba mdomo uko wazi, uso umevimba, anamsukuma Ali badala ya kumpiga. Ukimwangalia yeye peke yake unaona kwamba alishapotea zamani, ila hakuna aliyemfundisha kusimama.

Zimebaki sekunde chache raundi ya nane iishe. Ali anatoka kwenye kamba, ngumi mfululizo, ya kushoto inamnyanyua kichwa, ya kulia inamkuta usoni. Foreman anaanguka kwa kuzunguka, taratibu, mikono mbele, kama mtu aliyeangusha sarafu akaifuata chini. Ali ana ngumi nyingine ya kulia tayari na haitumi. Miaka mingi baadaye Foreman alisema hicho ndicho alichokiheshimu zaidi.

Miaka mingi baadaye, nasema. Wakati ule hakuheshimu kitu. Alilalamika tu: kamba zililegezwa. Mwamuzi alihesabu haraka. Maji aliyopewa na watu wake mwenyewe yalikuwa na ladha ya dawa. Mwaka 1975, Toronto, akapanda ulingoni kupigana na watu watano jioni moja, mmoja baada ya mwingine, na Ali amekaa pembeni anamzomea. Nimeitazama hiyo pia. Inatia huruma.

Tarehe 17 Machi 1977, San Juan, Puerto Rico, Jimmy Young alimshinda kwa pointi, akamwangusha raundi ya mwisho. Kilichotokea chumba cha kubadilishia nguo kila mtu anakieleza kwa lugha yake. Madaktari wanazungumzia joto na kuishiwa maji. Foreman alisema alikufa. Alisema alijikuta mahali patupu, giza, hakuna juu wala chini, akasikia harufu ya mauti, kisha akarudi akiona damu mikononi na kwenye paji la uso, akakimbilia bafuni akipiga kelele za jina la Yesu. Mimi si mtu wa maono. Lakini najua kwamba mtu aliyetoka chumba kile hakurusha tena ngumi kwa miaka kumi, na si wengi wanaoacha mamilioni kwa sababu ya kuzirai.

Akawa mhubiri Houston. Mwanzoni barabarani, kisha katika kanisa dogo. Akanyoa kipara, akanenepa, akafungua kituo cha vijana mwaka 1984. Akazaa watoto wa kiume watano na wote akawaita George. Alitania kwamba ukipigwa kichwani kama yeye unahitaji kurahisisha mambo. Alisema pia kwamba alitaka wajue wakisimama mmoja wamesimama wote, na ukijua kwamba yeye mwenyewe aligundua ukubwani kuwa baba aliyemlea si aliyemzaa, hilo la pili halina utani.

Kituo kikaishiwa pesa, naye hakutaka kuomba. Machi 1987, akiwa na miaka 38 na zaidi ya kilo 120, akarudi ulingoni. Watu walicheka. Naye akacheka nao, na hicho ndicho kilichonishtua nilipoanza kutazama mahojiano yake ya miaka hiyo: ni mtu mwingine. Anatania tumbo lake, anatania chizibaga, anawasalimia waandishi kwa majina. Ule uso wa Liston ameuacha San Juan. Wapinzani wake wa mwanzo, tuseme ukweli, walikuwa vibonde. Lakini Aprili 1991 alisimama raundi zote 12 na bingwa Evander Holyfield, akiwa na miaka 42, akashindwa kwa pointi tu, na katika mapumziko hakukaa kwenye kigoda. Alisimama wima kwenye kona kama mtu anayesubiri daladala.

Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas. Michael Moorer, bingwa, mashoto, miaka 26, mapambano 35 bila kushindwa. Foreman ana 45. Ilibidi aende mahakamani ndipo aruhusiwe kupigana. Alivaa bukta nyekundu aliyoivaa Kinshasa. Na kwenye kona yake alikuwepo kocha Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kona ya Ali usiku ule wa Kinshasa, anayeshutumiwa kwamba ndiye aliyezilegeza kamba.

Raundi tisa anapigwa. Majaji wote watatu wanampa Moorer. Uso umevimba tena kama Kinshasa. Tofauti ni moja: safari hii harushi ovyo. Anapiga ya kushoto iliyonyooka, anasubiri. Anapiga tena, anasubiri. Mtu ambaye alimaliza nguvu zake zote ndani ya raundi tano akiwa na miaka 25, sasa ana miaka 45 na ameziweka akiba kama mama anayebana hela ya mboga. Raundi ya kumi, kushoto, kisha ya kulia fupi, haikusafiri hata nusu mkono, kidevuni. Moorer anaanguka chali. Mwamuzi anahesabu mpaka kumi. Foreman hajarusha mikono juu. Anatembea mpaka kona, anapiga magoti.

Baada ya hapo sina mengi. Axel Schulz, Aprili 1995, kwa macho yangu alimshinda, majaji wakaona vingine. Pambano la mwisho mwaka 1997 naona alionewa yeye, kwa hiyo hesabu imesawazishwa. Jumla mapambano 81, ushindi 76, KO 68, na KO dhidi yake moja tu, ile ya Kinshasa. Lile jiko la umeme la kuchomea nyama lenye jina lake liliuzwa zaidi ya milioni 100, na mwaka 1999 kampuni ilimlipa zaidi ya dola milioni 130 kwa haki ya jina. Ngumi hazikuwahi kumpa hela hiyo. Na mwaka 1997, filamu ya hali halisi kuhusu usiku wa Kinshasa ilipopata Oscar, Ali alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa Parkinson, mikono inatetemeka, ngazi za jukwaa zinamshinda. Aliyemshika mkono akampandisha ni Foreman.

Baba mdogo naye alikuja kuwa fomani. Mwaka 1986, saiti nyingine, daftari na kivuli. Ukimkumbusha anabadilisha mazungumzo.

Nilimpelekea habari za msiba jioni ya siku niliyozisikia. Nilimkuta barazani, redio ipo pembeni kama kawaida.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, baba. Mbona umekuja usiku?"

"Foreman amefariki."

Akanyamaza. "Yule aliyepigwa?"

Nikamwambia ndiyo, yule. Nikamuuliza kama aliwahi kuliona pambano lake na Moorer. Hakuwahi hata kulisikia. Kwake yeye Foreman aliishia sakafuni Kinshasa mwaka 1974 na hakuamka. Nikamwekea kwenye simu, raundi ya kumi tu. Aliishika kwa mikono miwili, mbali na uso, kama anasoma risiti. Moorer akaanguka. Foreman akaenda kupiga magoti.

"Huyo mzee kwenye kona nani?"

"Angelo Dundee."

"Si ndiye aliyekuwa kona ya Ali?"

"Ndiye."

Akaitazama simu mpaka kioo kikazima chenyewe. Kisha akanirudishia.

"Hebu irudishe nyuma," akasema. "Ianze raundi ya kwanza."